Una malengelenge ya siri na unataka kubeba mimba? Anza hapa

Mimi ni mkunga, na hili swali huwa naulizwa kwa kunong'ona mlango ukishafungwa: "sista, nina herpes, ntaweza kuzaa kweli?" Utazaa. Kirusi cha herpes, yaani hayo malengelenge ya siri, hakizibi mirija ya uzazi kama klamidia au kisonono, kwaiyo hiyo hofu iweke pembeni, tuna kazi nyingine.

Hatua ya 1: jueni nani anacho na nani hana. Nyote wawili, sio mwanamke peke yake. Kidonda kikiwa kibichi kinachukuliwa sampuli moja kwa moja, hapo ndo jibu linakuwa la uhakika zaidi, kama hakuna kidonda kuna kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili (askari wa mwili wanaopigana na kirusi), ila kama umeambukizwa juzijuzi damu inaweza kusema huna maana kingamwili huchukua wiki kadhaa, hata 12, kuonekana. Uliza pia kirusi ni aina ya 1 (mara nyingi cha mdomoni) au ya 2 (mara nyingi cha sehemu za siri).

Sasa hapa ndo watu wengi wanapakosea. Wanadhani mwenye hatari ni yule mama mwenye malengelenge ya miaka mingi, kumbe ni yule ambaye HANA, alafu mume anacho, alafu anaambukizwa mimba ikiwa miezi ya mwisho. Mama aliyeambukizwa zamani mwili wake una kingamwili na anampa mtoto tumboni, ndo maana hata kikijirudia siku ya kuzaa, wanaoambukizwa hawafiki watoto 3 kwa 100. Aliyeambukizwa mara ya kwanza mwishoni mwa mimba hajapata muda wa kutengeneza hizo kingamwili, na akizaa kwa njia ya kawaida watoto 30 mpaka 50 kwa kila 100 wanaweza kuambukizwa. Tofauti ni kubwa mno, kwaiyo baba usijifanye haikuhusu.

Hatua ya 2: chagueni siku. Siku za kushika mimba ni kama 6 tu kwa mzunguko, 5 kabla ya yai kutoka na siku yenyewe. Kama mmoja wenu hana kirusi, basi kondomu zitumike siku nyingine zote na mnaiacha hizo siku chache tu. Ukisikia kuwashwa, kuchomachoma au ganzi pale kinapotokeaga, hata kama kipele hakijatoka, mwezi huo ruka. Inauma najua, lakini mwezi ujao upo. Alafu mwenye kirusi aongee na daktari kuhusu valasaiklovia, dawa ya kukituliza kirusi, miligramu 500 kila siku, inapunguza kumwambukiza mwenzio karibu nusu. Inapunguza, haimalizi, maana kirusi kinaweza kutoka kwenye ngozi bila kidonda chochote.

Hatua ya 3: mimba ikishaingia, sema kliniki siku ya kwanza kabisa. Na kama ni mume tu mwenye nacho, rudini kwenye kondomu, miezi mitatu ya mwisho bora mpumzike kabisa. Mdomo nao unahesabika jamani, mtu mwenye kidonda cha mdomoni akikufanyia mapenzi kwa mdomo anaweza kukuachia aina ya 1 huko chini.

Hatua ya 4: wiki ya 36. Mama mwenye malengelenge ya siri kwa kawaida anaanzishiwa dawa ya asaiklovia miligramu 400 mara tatu kwa siku mpaka ajifungue, ili uchungu usimkute na vidonda. Usijinunulie, uandikiwe.

Hatua ya 5: uchungu ukianza mwambie anayekupokea, hata kama file inasema, usiamini file. Atakuangalia kwa taa. Hamna kidonda wala dalili yake, unasukuma kama wengine. Kipo, unaenda upasuaji.

Hatua ya 6: mtoto. Nyonyesha, labda kidonda kiwe kwenye titi lenyewe, hilo usimpe. Mwenye kidonda cha mdomo asimbusu, awe bibi awe nani, wakununie tu. Na wiki sita za mwanzo ukiona homa, malengelenge, degedege, au mtoto amelegea na kakataa ziwa, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku, na ukifika tu taja herpes kabla hujaulizwa.