Likizo ya kwanza ya ski Mürren: buti na mwalimu kwanza, mlima baadae

Kila ikifika Oktoba ndugu zangu wa Dar na Nairobi, na hawa tunaokaa nao huku Ulaya, wananiuliza swali lilelile, tunataka kwenda kwenye theluji tujifunze ski lakini sehemu tulivu isiyo na makelele, twende wapi. Mimi nawaambia Mürren, Uswisi. Alafu nawaambia hapohapo kwamba wasipange kama wanavyopanga safari ya Paris, maana huku picha na hoteli ni jambo dogo, likizo inategemea siku 3 za kwanza. Zikienda vizuri utatamani kubaki, zikienda vibaya mtu anavua buti siku ya pili na kukaa chumbani na simu mpaka mnaondoka, nimeona.

Kijiji kiko mita 1,638, pembeni kabisa mwa jabali juu ya bonde la Lauterbrunnen, wakazi hawafiki 500, na magari hayafiki. Ukifungua dirisha asubuhi unaona milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau imesimama mbele yako ng'ambo ya bonde, na unachosikia ni koleo la mtu anayeondoa theluji mlangoni kwake. Ila niseme ukweli, miteremko ya pale mingi ni mikali, hapa ndo yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya ski ya mlimani mwaka 1931, sio mlima wa kuubembeleza. Anayeanza ana sehemu zake, uwanja wa kujifunzia pale kijijini na upande wa Winteregg ambako mteremko umelala kidogo. Kama mko kundi zima na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvaa ski basi fikirieni Wengen, ng'ambo ya bonde hilohilo, nako hakuna magari na miteremko yake ni ya upole zaidi.

Wiki ya kwenda ichague kwa makini sana. Msimu ni kuanzia katikati ya Desemba mpaka Aprili. Krismasi na mwaka mpya bei inapanda na vyumba vinaisha, Februari shule za Ulaya zinafunga kwa zamu na watu wanajaa, kwahiyo mimi napenda Januari baada ya sikukuu kupita, au Machi ambapo jua linakaa zaidi na baridi imepungua makali. Lakini Januari angalia kwanza tarehe za Inferno, ni mbio za ski za tangu 1928 zinazoanzia juu Schilthorn, mlima ulio juu ya kijiji, wiki hiyo kijiji kinafurika wakimbiaji na ule utulivu ulioufuata hutaupata.

Wenye pasi za Tanzania na Kenya mnahitaji viza ya Schengen. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila usisubiri huo mwisho, miadi inajaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na lazima uwe na bima ya angalau euro 30,000. Sasa hapo kwenye bima soma mistari yote, nyingi za bei ya chini hazigusi michezo ya theluji, na ukivunjika mguu juu mlimani anayekuja kukuchukua mara nyingi ni helikopta, bili yake sio ya kuchangishana kwenye grupu la familia. Ongeza kipengele cha ski na uokoaji wa mlimani, na namba ya helikopta za uokoaji Uswisi ni 1414, iweke kwenye simu kabla hujapanda.

Kufika: Zurich ukishuka ndege unapanda treni palepale uwanjani, unapitia Bern mpaka Interlaken Ost, unabadilisha ya kwenda Lauterbrunnen, kisha kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya mpaka Grütschalp, halafu kitreni kidogo mpaka Mürren. Weka masaa matatu na nusu au manne. Kaa upande wa kushoto kwenye kitreni, milima yote iko huko. Pale Interlaken Ost supamaketi ya Coop iko karibu na stesheni, nunueni mchele, mayai, kuku na mboga kabla hamjapanda, chukueni na apatimenti yenye jiko, mtaokoa hela nyingi maana kula mgahawani Uswisi kila siku kunaumiza. Na kijiji kina ncha mbili, kitreni kinashushia ncha moja na gari la waya linalotoka Stechelberg linashushia ncha nyingine, kwahiyo kabla ya kubuku uliza nyumba iko upande upi, kuburuta sanduku la magurudumu kwenye theluji na mtoto amelala mgongoni sio kazi ndogo.

Tuje kwenye buti, hapa naomba mnisikilize. Mwaka wangu wa kwanza, kijiji kingine, duka lilinipa buti kubwa kuliko mguu wangu, na mimi nikafurahi kwamba hazibani. Siku nzima mguu ulikuwa unacheza ndani, ski haigeuki, jioni ugoko umechubuka na kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Buti ya ski inatakiwa ikukamate. Vaa soksi moja tu, nyembamba ndefu mpaka chini ya goti, sio mbili. Ingiza mguu, piga kisigino chini, funga vifungo. Ukisimama wima kidole gumba kiguse mbele kidogo, ukikunja magoti kirudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke. Tembea nazo dukani dakika 10, ukiona ganzi au sehemu moja inachoma rudisha, omba nyingine, usione aibu, wamezoea. Watakuuliza urefu, uzito na umeshawahi ski au la, jibu kweli, maana uzito ndo unaowaambia wakaze vipi kile kifungo cha kwenye ski kinachoachia buti ukianguka. Ukijipunguzia kilo kinaachia ovyo, ukijiongezea kinaweza kugoma kuachia na goti ndo linalipa.

Dada zangu, suala la nywele. Helmeti haikai juu ya rasta zilizofungwa fundo kichwani, suka twende kilioni kabla ya safari. Na ngozi yetu nyeusi inaungua pia, theluji inarudisha jua usoni, pakeni mafuta ya jua na miwani isitoke.

Mwalimu mlipie siku 3 mfululizo asubuhi, mubuku mapema, muombe anayeongea Kiingereza. Pasi ya lifti, yaani tiketi ya vyombo vinavyokupandisha mlimani, usinunue ile ya eneo zima la Jungfrau, siku hizo hutafika huko, muulize mwalimu siku ya kwanza mtatumia lifti gani ndo ununue ya kiasi hicho. Atakufundisha kuweka ski kama herufi V iliyopinduliwa, ncha zikutane mbele, na hiyo ndo breki yako. Aliye chini yako ndo mwenye haki ya njia, wewe wa juu ndo wa kumkwepa. Rangi za njia, kutoka rahisi mpaka ngumu, ni bluu, nyekundu, nyeusi, baki bluu, na usivuke alama za pembeni hata ukiona nyayo za watu, maporomoko ya theluji yanaua wenyeji wenye uzoefu.

Chakula, kwa Waislamu hasa: fondue, jibini iliyoyeyushwa ya kuchovyea mkate, inapikwa na mvinyo mweupe na mara nyingi kirsch ambayo ni pombe kali, raclette ni jibini iliyoyeyushwa na viazi, hiyo nafuu ila uliza vinavyokuja pembeni, na rösti, viazi vilivyokwaruzwa na kukaangwa, uliza kama ina nyama ya nguruwe. Maji ya bomba yananyweka. Mimi nabeba chupa ya chai ya tangawizi kwenye begi, saa nne asubuhi juu kule inarudisha vidole uhai.

Mchana wa siku ya pili mapaja yatawaka moto, pumzikeni, pandeni Allmendhubel, kilima cha juu ya kijiji, kwa kale katreni ka kamba mkashuke na sleji, watoto watalala mapema. Na mtu akiwaambia ski sio mambo yetu, mwambieni Sabrina Simader aliyeshindania Kenya Olimpiki ya 2018 kazaliwa Kilifi, na Mkenya Philip Boit alianza ski akiwa mtu mzima, akamaliza wa mwisho kwenye mbio zake Olimpiki ya Nagano, Japani, 1998, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri pale mwisho wa njia akamkumbatia.

Vifaa virudisheni jioni ya kabla ya kuondoka ili asubuhi msikimbizane na duka. Kwenye kitreni cha kushuka milima itakuwa kulia.