Kungoja Uongozi wa Mungu Kabla ya Kuamua

Unapotakiwa kuamua jambo zito, tuseme kuacha biashara ya dagaa katika soko la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza ili uhamie mji mwingine, andika kwanza kile unachokiogopa na kile unachokitamani, kwa maana visipotajwa wazi mbele za Mungu ni rahisi kuvidhania kuwa sauti yake. Kisha ngoja. Mfalme Sauli alimngoja nabii Samweli siku 7 kule Gilgali, kama alivyoagizwa, lakini alipoona watu wanatawanyika akatoa sadaka mwenyewe, na alipomaliza tu Samweli akafika. Nasikitika kila nikisoma habari hiyo. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapong'aa: siku hizo zitumie kuomba, kusoma Neno na kumsikiliza mzee wa kanisa asiye na faida yoyote katika uamuzi wako.