Somo: Kamba ya mafundo 25 (Ibrahimu na ahadi, kwa watoto wa miaka 7 hadi 11)

Bwana Yesu asifiwe, walimu wenzangu.

Mmeniomba niandike lile somo la kamba. Naliandika jinsi ninavyolifundisha darasani. Linakula saa moja na robo. Kama shule yenu ya Jumapili ina dakika arobaini tu, ligawe wiki mbili, wiki ya kwanza ikiishia fundo la 11 la kamba (Hatua ya 5).

Kwanza niseme lilikotoka. Zamani somo langu la imani lilikuwa fupi na tamu: Mungu alimwahidi Ibrahimu mtoto, Ibrahimu akaamini, mtoto akazaliwa, haya tuimbe. Dakika kumi, na watoto wakatoka wakijua kwamba ukiamini unapewa. Jumapili moja binti wa miaka minane akabaki nyuma wenzake walipotoka, akanivuta mkono. "Mwalimu, mimi niliamini. Bibi amekufa." Sikuwa na jibu. Nilimpa pipi. Ile pipi inaniuma mpaka leo.

Wiki ile nikaifungua Mwanzo nikiwa na penseli, nikahesabu miaka.

Hatua ya 1: Jiandae wewe

Soma Mwanzo 12 hadi 21 kwa mkao mmoja, uandike umri wa Ibrahimu pembeni kila unapotajwa. Alitoka Harani akiwa na miaka 75 (12:4). Ishmaeli alizaliwa yeye akiwa na 86 (16:16). Mungu akamtokea tena akiwa na 99 (17:1). Isaka akazaliwa akiwa na 100 (21:5). Sasa tazama 16:16 na 17:1. Katika Biblia zetu ni mistari miwili iliyopakana, jicho linaruka bila kujua. Kati yake kuna miaka 13, na Mwanzo haitaji neno lolote la Mungu kwa Ibrahimu katika miaka hiyo. Somo zima limejificha hapo.

Hatua ya 2: Vifaa

Kamba nyembamba ya katani, mita mbili na nusu kwa kila watoto wawili. Vitambaa vitatu vya rangi vya kufunga kwenye mafundo. Sinia moja na kiganja cha ulezi. Karatasi mbili kubwa za ukutani.

Hatua ya 3: Anzia kwenye ahadi za nyumbani

Uliza: nani aliwahi kuahidiwa kitu? Mikono itajaa hewani. Baiskeli, viatu vya sikukuu, safari ya kwenda kwa shangazi. Halafu uliza: na aliyeahidi akisahau? Darasa langu huitikia kwa pamoja, "Ahadi ni deni!" Chukua watoto watatu tu, usizidishe, la sivyo nyumba za watu zitaanikwa hapo mpaka ushindwe kumtazama mzee wa kanisa usoni.

Kisha waulize neno wanalolisema kila wanapomaliza kuomba. Amina. Andika ubaoni: amina, amini, imani, amana, mwaminifu. Waache wazisome kwa sauti mpaka wenyewe wasikie kwamba ni ndugu. Na ni ndugu kweli: amina ni ya Kiebrania, hizo nyingine zimetufikia kupitia Kiarabu, na shina lao ni moja, lenye maana ya kitu imara kisichoyumba. Hata Mwanzo 15:6, "Akamwamini BWANA", kwa Kiebrania ni shina hilo hilo. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu imani si "una imani kiasi gani?" bali "aliyeahidi ni imara?" Mtoto wa miaka saba analielewa hili upesi kuliko sisi, maana anajua tofauti ya mjomba anayekuja akisema anakuja na mjomba wa maneno tu.

Hatua ya 4: Ulezi kwenye sinia

Nyota huwezi kuzionyesha saa tatu asubuhi. Mwaga ulezi kwenye sinia, waambie wahesabu. Wataanza kwa bidii, watafika mia na kitu, mmoja atapiga chafya. Wakikata tamaa, soma 15:5: "Tazama sasa mbinguni, kazihesabu nyota, kama ukiweza kuzihesabu." Wakumbushe kwamba mzee aliyeambiwa hivyo hakuwa na mtoto hata mmoja.

Hatua ya 5: Kamba

Usiharakishe hapa. Kila fundo ni mwaka mmoja wa kungoja. Mtoto mmoja anafunga, mwenzake anahesabu kwa sauti, wakifika matano wanabadilishana. Simulia huku wanafunga: njaa, safari ya Misri, ugomvi wa wachungaji wake na wa Lutu. Fundo la 5, la 6. Karibu na la 8 utasikia, "Mwalimu, bado?" Jibu, "Bado." Usiongeze kitu.

Fundo la 11, funga kitambaa cha kwanza. Sara amechoka kungoja, anamtoa Hajiri, mjakazi wake, kwa Ibrahimu, ili mtoto apatikane kwake. Ishmaeli anazaliwa. Watoto wangu hufikiri hadithi imeisha, wengine huweka kamba chini.

Waambie wazishike tena. Kuanzia fundo la 12 mpaka la 24 tunafunga kimya. Hakuna kuhesabu kwa sauti, hakuna hadithi, na wewe mwalimu nyamaza pia. Mafundo 13. Mara ya kwanza nilidhani watacheka na kusukumana. Walicheka mpaka kama la 14. Baada ya hapo ilisikika kamba ikikwaruza vidoleni na kuku wa jirani nje. Kijana mmoja alinyanyua macho akanitazama kama anayeuliza kama nimemsahau. Sikumjibu. Niliona vigumu kweli.

Fundo la 24, kitambaa cha pili, na hapo soma 17:1 kwa sauti kubwa. Abramu anapewa jina jipya, Ibrahimu. Wengine huwa wanashangilia bila kuambiwa.

Hatua ya 6: Kicheko

Watoto wengi wamefundishwa kwamba Sara alicheka kwa kukosa imani. Wasomee 17:17 kwanza. Ibrahimu ndiye aliyetangulia kucheka, tena amelala kifudifudi, akiwaza mzee wa miaka 100 na mama wa miaka 90! Sara alicheka baadaye, ndani ya hema, wakati wageni watatu wanakula mkate, ndama, siagi na maziwa. Mungu hakuifuta ahadi kwa sababu ya kicheko. Alimpa mtoto jina lake: Isaka, maana yake "anacheka". Fundo la 25, kitambaa cha tatu, na hapa waache wacheke wanavyotaka.

Hatua ya 7: Karatasi mbili

Ukutani bandika karatasi ya kwanza, MUNGU AMESEMA, na ya pili, SISI TUNAOMBA. Watoto wanataja, wewe unauliza iende wapi. "Mungu hataniacha" inakwenda ya kwanza, tunayo katika Waebrania 13:5: "Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa." "Nifaulu mtihani" inakwenda ya pili. "Bibi apone" ni ya pili. Waambie wazi kwamba karatasi ya pili nayo ni nzuri, tunaomba kwa nguvu zote na Mungu anasikia. Ila huwezi kumdai Mungu kilichoandikwa kwa mkono wetu kana kwamba ni saini yake.

Muda ukibaki, waambie mwisho wa Ibrahimu. Alikufa na miaka 175. Aliahidiwa nchi, lakini sehemu aliyoimiliki ni shamba lenye pango la Makpela, alilolinunua kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Aliahidiwa uzao kama nyota, na kwa upande wa Isaka aliwaona wajukuu wawili, Esau na Yakobo, wakifika miaka 15. Ukiwauliza kama Mungu alimdanganya, wataleta majibu mazuri kuliko yako. Mwaka jana mmoja alisema, "Aliona nyota mbili za kwanza."

MASWALI

Bwana asifiwe mwalimu. Nina darasa la watoto wa miaka mitatu hadi mitano hapa Kahama, fundo hawawezi. Nifanyeje?

Asifiwe sana. Achana na kamba. Kwa hao tumia Nuhu na ahadi ya kwamba gharika haitarudi, Mwanzo 9. Lugha yetu imekupa zawadi hapo: upinde wa mvua na upinde wa mishale ni neno moja, kama ilivyo kwa Kiebrania. Chora upinde, mwambie mtoto Mungu ameutundika juu mawinguni. Inatosha.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista. Hajiri na Ishmaeli nimezoea kuwaruka, maana darasani nina watoto wa nje ya ndoa na majirani zetu wengi ni Waislamu. Kwako wewe inakuwaje?

Milele, amina. Mimi nilikuwa naruka pia. Siku hizi siruki, na sababu ni hao watoto hasa. Mtoto ambaye wenzake wanamwita wa nje anahitaji kusikia kwamba Hajiri alipokimbilia jangwani, malaika alimfuata yeye, tena mwanawe akapewa jina lenye maana "Mungu husikia". Katika 17:20 Ishmaeli naye ana ahadi yake, ya maseyidi, yaani wakuu, kumi na wawili. Kosa la kuharakisha lilikuwa la wakubwa, na Mungu hakumlipisha mtoto. Kuhusu majirani, watoto wenyewe watakuambia, "Huyo ni Ismaili wa kina Fatuma!" Waambie ndiye huyo, wao wanaisimulia kwa namna yao, na endelea. Usifanye mjadala wa dini kwenye darasa la watoto.

Mtumishi, samahani, hili somo linapunguza imani. Marko 11:24 inasema yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea. Wewe unawafundisha watoto kutilia shaka.

Asante kwa kusema waziwazi, mtumishi. Marko 11:24 siufuti, na watoto wangu wanaujua kwa moyo. Ila aliyeusema ndiye aliyeomba Gethsemane kikombe kimwepuke, akamalizia "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Sijui kumfundisha mtoto mstari mmoja nikamficha mwingine. Najua tutabaki tunatofautiana. Nikuombe kitu kimoja tu: usimwambie mtoto aliyefiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Mwalimu, shikamoo. Mume wangu ni mgonjwa, amelazwa. Mwanangu wa miaka tisa ananiuliza kila usiku, "Mama, Mungu ameahidi kumponya baba?" Nimjibu nini?

Marahaba mama, na pole sana. Usimwambie "ndiyo, ameahidi", hata kama moyo unakusukuma. Mwambie: "Hilo tunaliomba, mimi na wewe, kila usiku. Alichoahidi ni kwamba hatatuacha, sisi wala baba." Kisha ombeni kweli, kwa jina la baba yake, bila kupunguza maneno. Akilia mwache alie, na wewe ukilia usijifiche. Usimpe mistari mingi. Mmoja unatosha, Mathayo 28:20, "mimi nipo pamoja nanyi siku zote", autamke akiwa ameshika mkono wako. Na mruhusu akamwone baba kama hospitali inakubali watoto. Anaogopa zaidi yale asiyoyaona.

Kwetu Nakuru tunawapa watoto kadi ya Yeremia 29:11 kila wanapopanda darasa. Je, ni sawa?

Ni mstari mzuri, Mungu akisema anawawazia watu wake mawazo ya amani, hata mimi ninao jikoni. Ongezeni tu wa 10 juu yake. Barua ile iliandikiwa watu waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unawaambia watakaa miaka 70. Wengi walioisikia barua hiyo walizikwa huko huko kabla ya miaka kutimia. Mtoto akijua hivyo, "mawazo ya amani" hayatamgeukia siku mambo yakichelewa. Kadi itakuwa na maneno mengi kidogo, mtavumilia.

Mimi huwatunza kwa pipi na biskuti wanaokariri. Vibaya?

Si vibaya. Mimi nimeacha pipi kwa sababu zangu.

Kamba ya katani imeadimika mtaani kwetu. Naweza kutumia uzi wa kufumia?

Utateleza, na fundo litakuwa dogo mno, mtoto hataliona wala kulishika. Bora manila nyembamba ya dukani. Ichome ncha kwa kiberiti isifumuke, uichome mwenyewe nyumbani, si mbele ya watoto. Darasa la watoto thelathini ni kamba kumi na tano, basi nunua mita arobaini, zile mbili na nusu za ziada ni za kwako. Na ukate Jumamosi. Nilishajaribu kukata asubuhi yenyewe kwa mkasi butu, kwaya ikamaliza kuimba nikiwa kwenye kamba ya sita.