Namna ya Kuifaidi Siku ya Mvua Ukiwa Ndani Jijini

Mvua inaponyesha tangu asubuhi, wengi hukosea kwa kutaka kuzunguka sehemu nne au tano kana kwamba jua linawaka, na wanachoambulia ni viatu vilivyolowa na uchovu. Ushauri wangu ni kwamba uchague paa moja na ukae chini yake kwa saa mbili tatu, bila haraka.

Kabla ya kutoka, hakikisha kwamba unapokwenda pamefunguliwa. Makumbusho mengi duniani hufungwa Jumatatu, ilhali Louvre, jijini Paris, hufungwa Jumanne. Kata tiketi mapema kwa njia ya intaneti, kwani siku kama hiyo kila mtu hukimbilia ndani, na weka soksi kavu mkobani. Baadhi ya miji hukurahisishia safari yenyewe: Montreal, nchini Kanada, ina njia za chini ya ardhi zenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, zinazounganisha vituo vya treni, maduka na kumbi za burudani.

Ukifika, acha mwavuli na koti lililolowa kwenye sehemu ya kuhifadhia mizigo. Hilo si suala la adabu peke yake, kwa maana unyevu huharibu karatasi, mbao na rangi. Vyumba vya michoro ya karatasi navyo huwa na mwanga hafifu, kwa sababu mwanga mkali hupausha wino. Simama kidogo mlangoni mpaka macho yazoee.

Kisha usijaribu kuona kila kitu. Louvre huonyesha kazi zipatazo 35,000, na ukiipa kila moja nusu dakika tu, utahitaji zaidi ya siku 12 za kutazama usiku na mchana bila kulala. Tafuta benchi, uketi mbele ya picha moja kwa dakika 10, simu ikiwa mfukoni. Dakika mbili za mwanzo utadhani umeshaimaliza. Baadaye ndipo utakapoona nyufa nyembamba za rangi, alama za nywele za brashi, na pengine kivuli cha mkono ambao mchoraji aliuchora mahali pengine kabla ya kubadili nia. Mimi hubeba daftari na penseli, kwa kuwa makumbusho mengi hayaruhusu kalamu ya wino, na ninapojaribu kukinakili hata kipande kidogo cha picha, jicho hulazimika kutulia. Ukiwa na watoto, wape kazi ya kumtafuta mnyama mmoja katika picha zote za chumba.

Ikiwa sanaa haikuvutii, nenda maktaba kuu ukaombe ramani za zamani za jiji hilo, ufuatilie kwa kidole barabara uliyopita asubuhi.

Lakini ninapopapenda kuliko pote ni kwenye jumba la kioo la mimea, mfano wa Palm House ya bustani ya mimea ya Kew, London, iliyokamilika mwaka 1848. Ukiingia, miwani na lenzi ya kamera hufunikwa na ukungu papo hapo, kwa sababu hewa ya ndani ni ya joto na imejaa unyevu. Usizifute mara moja, ziache zipate joto kwanza. Wakati zikisubiri, simama chini ya minazi na michikichi, ukisikiliza mvua inavyopiga kioo juu ya kichwa chako.