Brashi ya kunyolea ndevu: angalia nywele kabla ya mpini

Ukienda kununua brashi ya kunyolea, usivutiwe na mpini unaong'aa. Uliza kwanza nywele ni za nini. Nyingi za bei nafuu ni za nguruwe, kwa hiyo Muislamu anayejiepusha nazo achukue ya farasi au ya nyuzi za plastiki.

Anayeanza namshauri ya nyuzi za plastiki. Haihitaji kulowekwa, inakauka upesi na inatoa povu kwa sabuni kidogo. Ya nguruwe inataka subira: iloweke kwenye maji vuguvugu dakika 3 hadi 5, la sivyo itakukwaruza. Baada ya wiki kadhaa ncha zake hupasuka na kulainika. Maji yanayochemka usitumie kabisa, yanaharibu nywele na gundi.

Chukua rula upime upana wa fungu la nywele pale zinapoingia kwenye mpini. Milimita 22 hadi 24 zinatosha uso wa kawaida. Urefu wa nywele uwe kama milimita 50. Zikiwa ndefu na chache, brashi inalala usoni kama ufagio uliolowa, na sabuni haigeuki povu.

Ibonyeze kiganjani: ifunguke kama ua, kisha irudi yenyewe. Nywele mbili tatu kutoka siku za mwanzo si tatizo. Zikiendelea kutoka kila unaponyoa, gundi imeachia, irudishe dukani.

Ukimaliza, isuuze mpaka maji yatoke safi, ikung'ute, iache penye hewa. Ukiifungia kabatini ikiwa mbichi, itanuka.