Kuingia mrija wa nyongo bila kuchokoza kongosho: hatua za ERCP

Mwongozo huu ni wa madaktari wanaoanza ERCP (kuingia mirija ya nyongo na kongosho kwa endoskopu, yaani bomba la kamera, na kuitazama kwa eksirei) na wauguzi wanaowashikia waya. Kupitisha endoskopu kooni na kuvuka tumbo sikuelezi hapa, hayo mnayajua.

1. Hakikisha kuna cha kutibu

ERCP si kipimo cha kutafutia ugonjwa. Anza na ultrasaundi, kisha MRCP (picha ya MRI ya mirija ya nyongo) ikipatikana. Mgonjwa apande meza ya ERCP kwa sababu kuna jiwe la kutoa, mrija uliobana au usaha wa kufungulia njia.

Kwa wagonjwa wa Unguja na Pemba, fikiria mambo mawili mapema. Mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) hupata vijiwe vyeusi akiwa bado kijana, lakini macho yake huwa ya manjano hata pasipo jiwe kwa kuwa chembe nyekundu zinavunjika kila siku. Usimkimbilie kwa bilirubini (rangi ya manjano ya damuni) ya jumla. Tazama ile ya dairekti na kimeng'enya ALP, vinavyopanda nyongo ikiziba, na upana wa mrija. Jambo la pili ni mchango, yaani mnyoo mrefu wa tumboni, uliopanda kwenye mrija. Katika ultrasaundi huonekana kama mistari miwili mirefu sambamba, bila kivuli nyuma yake, na pengine unajisogeza. Jiwe huacha kivuli.

2. Maandalizi

Chakula kikome saa 6 kabla, maji saa 2. INR (kipimo cha kuganda kwa damu) isizidi 1.5 na chembe sahani zisipungue 50,000 kwa mikrolita. Nyongo ikiziba, vitamini K hainyonywi; mpe miligramu 10 kwenye mshipa, polepole, kisha pima tena kesho yake. INR ikigoma kushuka, ini lenyewe limeathirika. Kwa dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini isimame siku 5, klopidogreli siku 7, zote kwa kushauriana na daktari wake wa moyo. Aspirini iendelee.

Homa ya kutetemesha, manjano na maumivu ya ubavu wa kulia vikikutana, anza antibiotiki papo hapo. Presha ikishuka pamoja na hayo, nyongo itolewe ndani ya saa 12.

Mwanamke aliyepakwa piko vidoleni usimwekee kipima oksijeni hapo, kitadanganya. Kibane kwenye ndewe ya sikio.

3. Simama mbele ya papila

Nyoosha endoskopu mpaka ibaki sentimita 60 hadi 70 kwenye meno. Papila, yaani kinundu cha utumboni ambako mirija hufungukia, itulie katikati ya kioo.

4. Kuingia mrija

Hapa ndipo kongosho huumizwa, basi msiwe na haraka.

Kwanza diklofenaki miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa, isipokuwa kwa mwenye mzio nayo, mwenye figo zilizochoka au mjamzito. Aliyekuwa amefunga Ramadhani huja amekauka. Mpe Ringa (maji ya mshipani) ya kutosha kabla na baada.

Tumia sfinktotomu (mrija mwembamba wenye uzi wa kukatia) yenye waya ndani, si katheta tupu. Ukikaza uzi wake ncha hupinda juu, nako ndiko mrija wa nyongo unakoelekea. Usisukume dawa ya rangi (inayoonekana kwenye eksirei) ili kuona ulipo. Waya utangulie, rangi ifuate.

Kubalianeni lugha ya saa kabla ya kuanza. Vitabu vya nje husema mrija wa nyongo uko kwenye 11 na wa kongosho kwenye 1. Kwa saa zetu hizo ni saa tano na saa saba. Anayesema "kumi na moja" na anayesikia "saa kumi na moja" watakwenda pande mbili tofauti kabisa. Mimi nashikilia kusema namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, tena chumba kizima kiseme hivyo.

Ingia kutoka chini ukipanda, ukiusugua ukuta wa juu wa tundu. Ukichoma moja kwa moja mbele, utaangukia kongosho. Mshika waya asukume kwa milimita. Waya ukipata ugumu, rudisha, usilazimishe. Tazama eksirei: waya unaopanda kuelekea ini umo kwenye nyongo, unaokata uti wa mgongo kwenda kushoto kwa mgonjwa umo kwenye kongosho.

Muuguzi ahesabu kwa sauti. Papila ikiguswa zaidi ya mara 5, dakika zikizidi 5, au kongosho likiingiwa zaidi ya mara 1, badilisheni njia. Mimi hupendelea kuuacha waya ndani ya kongosho na kupitisha wa pili kando yake, kisha naweka stenti ndogo ya kongosho (kibomba cha kuacha njia wazi), unene wake Fr 5. Kukata papila kwa kisu cha sindano ni kwa aliyefundishwa. Kama mgonjwa hana usaha, kuacha na kurudi baada ya siku 2 hadi 4, uvimbe ukishapungua, ni uamuzi mzuri.

5. Kukata na kutoa

Changanya dawa ya rangi nusu kwa nusu na maji ya chumvi. Ikiwa nzito huficha vijiwe vidogo. Kata kidogo kidogo kuelekea 11 hadi 12, kisha vuta kwa puto. Jiwe lililozidi milimita 15 halitoki zima: livunje, au weka stenti urudi baadaye.

Mchango ubane kwa koleo, utoke pamoja na endoskopu. Kitanzi huukata, na kipande kinachobaki hugeuka kiini cha jiwe. Papila usiikate ila kwa lazima, maana mlango mpana hukaribisha mwingine. Baadaye albendazoli miligramu 400.

6. Baada ya hapo

Anayerudi Pemba asipande boti jioni ile. Maumivu ya chembe ya moyo yanayopenya mgongoni, pamoja na lipesi (kimeng'enya cha kongosho) iliyozidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, ni kongosho lililovimba. Choo cheusi kama lami, hata wiki moja baadaye, ni damu ya pale palipokatwa. Arudi mara moja. Stenti ya plastiki huziba, hivyo tarehe ya kuibadilisha, isiyopita miezi 3, iandikwe kwenye kadi yake na kwenye simu ya anayemuuguza.