Jinsi ya kushughulikia midoli na fenicha za mbao za zamani zinapoingia makumbusho, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa yule aliyepewa kazi ya kutunza vitu vya mbao vya zamani kwenye makumbusho, hasa vile vilivyotengenezwa na mafundi wa kawaida wa vijijini: farasi wa kubembea, wanyama wadogo wa kuchonga, wanasesere, masanduku yaliyochorwa maua, viti, vitanda vya watoto wachanga. Hivi sio vitu vya kifalme vilivyokaa kwenye kabati la kioo tangu siku ya kwanza. Vimetumika. Vimeng'atwa na watoto, vimepigwa rangi juu ya rangi, vimegongomewa misumari na baba mtu aliyekuwa na haraka zake. Kwa hiyo kabla hujashika kitambaa cha kusafishia inabidi ujue kipi ni uchafu na kipi ni ushahidi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu kwa sababu wanaanza na kusafisha.

Hatua ya 1: Kitenganishe kwanza

Kitu kipya kisiingie stoo moja kwa moja hata kama aliyekuletea anakuapia kwamba hakina wadudu. Kifunge kwenye nailoni nzito, weka chumba cha peke yake, chini tandika karatasi nyeusi au nyeupe ilimradi unga uonekane. Kiache wiki kadhaa alafu angalia.

Unachotafuta ni matundu na unga. Yule mdudu wa fenicha anayeitwa Anobium punctatum anaacha matundu ya duara ya kama milimita 1 mpaka 2, na unga wake ukiusugua kwa vidole unahisi chengachenga. Wale wa jamii ya Lyctus unga wao ni laini kabisa kama poda. Sasa tundu peke yake halina maana kubwa, maana tundu ni mlango wa kutokea, mdudu keshaondoka, funza ndiye aliyekaa ndani akila mbao miaka 2 hadi 5 kabla ya kutoka. Tundu la zamani kingo zake zimeshakuwa nyeusi na ndani kuna vumbi la kijivu. Tundu jipya ndani ni jeupe, rangi ya mbao mbichi, na unga unamwagika ukigusa kidogo. Hilo ndio la kukukosesha usingizi.

Hatua ya 2: Ua wadudu bila dawa

Usipulize dawa ya wadudu ya dukani wala usipake mafuta ya taa, tafadhali. Zinaacha doa, zinalainisha rangi, na sumu inabaki kwa atakayeshika baadaye.

Njia ya kawaida ni friza. Kifunge kitu kwenye nailoni, toa hewa nyingi uwezavyo, ziba kwa tepu, kisha nyuzi -30 kwa saa 72, au kama friza yako ni ya kawaida inayofika -20 basi wiki 2. Ukikitoa usifungue! Kiache ndani ya nailoni siku nzima kipate joto la chumba, la sivyo maji ya hewani yataganda juu ya mbao na sio juu ya nailoni, na rangi ya zamani haipendi maji hata kidogo.

Ila friza sio ya kila kitu. Rangi iliyoanza kubanduka, mwanasesere mwenye kichwa cha nta, macho ya kioo, fenicha yenye nakshi za kubandika, hivyo vyote usiviweke humo. Hapo tunatumia kuvinyima oksijeni, yaani unakifungia kwenye mfuko maalum usiopitisha hewa na vifuko vya kufyonza oksijeni mpaka ishuke chini ya asilimia 0.5, unakiacha wiki kadhaa kwenye chumba chenye joto la wastani. Angalizo moja ambalo watu hulisahau: ile bluu iitwayo Prussian blue, ambayo iko kwenye vitu vingi sana vya karne ya 18 na 19, inaweza kupauka ikikosa oksijeni huku mwanga unaipiga. Kwa hiyo mfuko uwe gizani.

Hatua ya 3: Kaa nacho mezani, soma

Hapa ndipo napenda kukaa muda mrefu na nakushauri na wewe usiharakishe. Vaa glovu za mpira laini (zile za pamba nyeupe zinanasa kwenye vibanzi, mi sizitumii kwenye mbao), vaa barakoa kama kuna vumbi la rangi, maana rangi nyeupe na nyekundu za zamani mara nyingi zina madini ya risasi ndani yake na kuna kijani za karne ya 19 zina aseniki, zote mbili ni sumu. Usile chochote karibu na meza hiyo.

Chukua tochi ya kawaida, ilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya uso wa mbao kwa ubavu. Utashangaa. Alama za randa, alama za patasi, mikwaruzo ya kisu, meno ya mtoto, vyote vinasimama.

Anza na msumeno. Kwenye ubao ambao haukuonekana, mfano chini ya droo au nyuma ya kabati, mistari ikiwa imenyooka na haiko sawasawa huo ni msumeno wa kusukuma na kuvuta, wa mkono au wa mashine ya maji. Mistari ikiwa ya kupinda kama upinde huo ni msumeno wa duara, ambao ulienea karne ya 19. Haimaanishi kitu kizima ni cha wakati huo, inawezekana ni ubao wa kurekebishia, lakini umeshapata swali la kuuliza.

Kisha skrubu na misumari. Skrubu ya zamani iliyokatwa kwa mkono ncha yake ni butu na ule mfereji wa kichwani mara nyingi haukukaa katikati. Skrubu zenye ncha kali za kiwandani zilienea kuanzia katikati ya karne ya 19. Skrubu ya kichwa cha nyota ni ya miaka ya 1930 na kuendelea, kwa hiyo ukiikuta kwenye kiti kinachodaiwa ni cha 1780 basi ama kimerekebishwa ama umeuziwa hadithi. Angalia kama kuna tundu lingine la zamani pembeni yake. Likiwepo, ni rekebisho. Lisipokuwepo, anza kuwa na mashaka.

Kwenye midoli, muundo wenyewe unakuambia ilikotoka. Mfano mzuri ni wanyama wadogo wa Seiffen, kule Saxony Ujerumani, wale waliokuwa wakijazwa kwenye safina za Nuhu za kuchezea. Fundi hakuwa anachonga mnyama mmoja mmoja. Alikuwa anachukua kipande cha gogo bichi la spruce, anakikereza kwenye mashine mpaka kinakuwa duara lenye tundu katikati, na umbo la mnyama limejificha ndani ya ule mduara, kisha analipasua vipande vipande kama keki, kila kipande ni ng'ombe au tembo. Baadaye ndio wanabandika masikio, pembe na mkia. Sasa kwa kuwa kipande kimetoka kwenye duara, upande mmoja wa mnyama unakuwa mnene kidogo kuliko mwingine. Mshike, mtazame kutoka juu, kama ana huo mwelekeo wa kabari una ushahidi mzuri mkononi. Aliyechongwa kwa kisu hana. Na hapa ndio unaona kwanini usimpige msasa ili "akae sawa", utakuwa umefuta jinsi alivyotengenezwa.

Mwanasesere wa Kirusi wa kuingiliana, yule matryoshka, watu wengi wanadhani ni wa kale sana kumbe wa kwanza alitengenezwa miaka ya 1890 na alionyeshwa Paris 1900. Mtu akikuletea wa "karne ya 17", mshukuru, mpe chai, usiandike hiyo tarehe.

Tochi ya UV (mwanga wa urujuanimno) nayo nunua, sio ghali. Kwenye giza shelaki, ambayo ni aina ya vanishi, inawaka rangi ya chungwa, nyeupe ya zinki inawaka manjano ya kijani, na sehemu iliyoguswa upya huwa inaonekana kama kiraka cheusi. Usiamue tarehe kwa UV peke yake lakini inakuonyesha wapi pa kuchunguza.

Hatua ya 4: Andika na piga picha kabla hujagusa chochote

Picha za pande zote, chini pia, ndani ya droo pia, na rula kwenye picha. Kama hujui uandike nini fuata mfumo wa Object ID uliozinduliwa 1997, unataka mambo ya msingi tu: aina ya kitu, malighafi, vipimo, maandishi, alama za pekee, na kadhalika. Hizo alama za pekee ndizo polisi hutumia kitu kikiibiwa, kwa hiyo "farasi wa mbao mwekundu" haitoshi, andika "sikio la kushoto limevunjika, mguu wa nyuma una msumari wa pili".

Uliza pia kilikopitia. Nani alikuwa nacho, kilitoka nchi gani, karatasi ziko wapi. Na kama fenicha ina pembe za ndovu au mbao ya rosewood ya Brazil (Dalbergia nigra, iko tangu 1992 kwenye Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) usiivushe mpaka bila kibali hata kwa maonyesho ya wiki moja.

Namba ya usajili usiiandike kwa kalamu moja kwa moja kwenye mbao. Paka tabaka jembamba la Paraloid B-72 (aina ya akriliki inayopakwa kama vanishi) sehemu isiyoonekana na isiyo na rangi, likauke, andika namba kwa wino, paka tabaka lingine juu. Baadaye inatoka kwa asetoni. Ila asetoni hiyohiyo inayeyusha rangi na vanishi nyingi, kwa hiyo kwenye mdoli uliopakwa rangi mwili mzima funga tu lebo kwa uzi wa pamba.

Hatua ya 5: Kusafisha, kidogo kuliko unavyotaka

Vumbi toa kwa brashi laini ya nywele, brashi mkono wa kulia na mdomo wa vakyumu mkono wa kushoto, umefungwa wavu ili kipande cha rangi kikiruka kisimezwe. Kama rangi inabanduka acha kabisa, mwite mhifadhi mwenye ujuzi aibandike irudi mahali pake kwanza.

Uchafu uliong'ang'ania, jaribu sehemu ndogo iliyojificha. Pamba kwenye kijiti, loweka maji kidogo sana, zungusha usisugue, angalia pamba. Ikitoka ya kijivu au kahawia ni uchafu. Ikitoka na rangi ya kitu chenyewe simama hapohapo, maana midoli mingi ya zamani ilipakwa rangi ya gundi au ya maziwa na maji yanaweza kuiondoa yote. Kuna kitu kingine kinachowachekesha wageni, mate. Ndio, mate ya binadamu, yana vimeng'enya vinavyovunja uchafu na wahifadhi wanayatumia mpaka leo kwenye michoro. Lakini kila pamba mpya, usirudishe mdomoni pamba iliyogusa rangi, tumeshaongea habari ya risasi.

Sasa ule weusi wa mafuta ya mikono kwenye shingo ya farasi pale mtoto aliposhikilia, ile sehemu iliyolika kwenye egemeo la kiti, alama za meno ukingoni mwa kitanda, hizo uziache. Ukizitoa utabaki na mbao safi isiyosema kitu. Na rangi ya pili au ya tatu usiivue kutafuta "ile ya asili", hiyo rangi ya juu nayo kuna mtu aliipaka kwa sababu yake.

Mafuta ya kitani na polishi zenye silikoni hapana. Mafuta yanageuka meusi na kunasa vumbi, silikoni haitoki tena. Kama fenicha ina vanishi nzima, nta kidogo ya microcrystalline inatosha.

Hatua ya 6: Kubeba na kuhifadhi

Kiti beba kwa fremu ya kukalia, sio kwa egemeo wala mikono. Kabati toa droo kwanza. Usiburute.

Unyevu wa hewa jaribu kuuweka kati ya asilimia 45 na 55, ila muhimu zaidi ni usipande na kushuka ghafla. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki, ndio maana ubao mpana uliopigiliwa misumari pande zote mbili hupasuka katikati na mlango wa sanduku unakwama msimu wa mvua. Mwanga, lux 50 kwa rangi dhaifu, 200 kwa fenicha ya rangi ya mafuta. Midoli laza kwenye povu la polyethylene lililokatwa kufuata umbo lake, sio gazeti, sio sponji ya godoro.

Kwenye maonyesho utapata ushawishi wa kupanga midoli kama kijiji, mbunifu Mmarekani Alexander Girard alifanya hivyo na mkusanyo wake ulioko Santa Fe, Marekani, zaidi ya vitu 100,000, tena bila lebo ukutani. Inapendeza mno. Mi nakubali kupanga kijiji, ila lebo lazima ziwepo mahali fulani.

Stoo weka mitego ya gundi kwenye kona na chini ya kila fenicha karatasi nyeusi, ikague kila mwezi. Andika tarehe kwenye karatasi yenyewe, vinginevyo ukikuta unga hutajua ni wa wiki hii au wa mwaka jana.